Udongo wa Usagara Kwenye Ndoo za Pasiansi

Ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi asubuhi nilipomkuta mama yangu amekaa kwenye kizingiti cha mlango, amevaa viatu.

Mwanangu, kwako wewe uliyezaliwa mjini, mtu kuvaa viatu asubuhi si habari. Lakini mama alikuwa mtu wa kijijini, wa Usagara, na akiwa nyumbani hakuvaa viatu ila kwa sababu tatu: kanisa, msiba au safari. Siku ile haikuwa Jumapili, wala hatukuwa tumepata taarifa ya msiba. Kando yake palikuwa na furushi lililofungwa kwa kitenge.

"Mwangaluka, mama," nilimwamkia.

"Mwangaluka, Malimi. Nilikuwa nakusubiri uamke nikuage. Sikutaka kuondoka kama mwizi."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kazi yangu ilikuwa hii hii unayonikuta nayo leo, kutengeneza mizani: ya wauza samaki, ya wenye maduka, na ile ya kupimia watoto kliniki. Nilipanga vyumba viwili Pasiansi, katika nyumba iliyojengwa juu ya jabali, kama zilivyo nyumba nyingi za Mwanza. Ukitoka mlangoni unakanyaga jiwe, na jiwe hilo linashuka mpaka kwenye nyumba ya jirani wa chini.

Baba alikuwa ameshafariki, na mama alibaki peke yake kwenye nyumba yenye paa bovu. Mwaka ule aliteleza akiwa amebeba ndoo ya maji, akalala pale chini tangu asubuhi mpaka adhuhuri, ndipo mpita njia alipoisikia sauti yake. Nilipopata habari hizo nilikwenda kumchukua. Hakubisha. Lakini asubuhi ile ya viatu alikuwa ametimiza wiki tatu tu kwangu.

"Umekosa nini hapa, mama? Chakula?"

"Chakula nakula. Nimekosa cha kuamkia. Naamka, nafagia jiwe, nakaa. Kesho naamka, nafagia jiwe lile lile. Jiwe halioti, Malimi." Kisha akanionyesha pindo la khanga yake, limefungwa fundo. "Nauli yangu ninayo. Ya gari la mjini, na ya gari la kutoka mjini mpaka Usagara. Sitakusumbua."

Nilijua akirudi atarudi kubeba ndoo ile ile kwenye njia ile ile, na safari ya pili huenda mpita njia asitokee. Nikamwambia, "Nipe muda. Nitakuletea shamba hapa."

"Utalipasua jiwe?"

"Nitaleta udongo."

Mama alikuwa mkulima, na mkulima hamkatalii mtu aliyetaja udongo. "Nakupa mpaka mvua za kwanza," akasema. "Zikinikuta hapa sina hata jani la mchicha, ninakwenda kupanda kwangu." Akavua viatu. Lakini hakuvirudisha chini ya kitanda. Aliviweka pembeni ya mlango, pua zikitazama nje.

Hapo ndipo lilipoanza kosa langu, na ninakueleza taratibu ili uone jinsi kosa linavyoweza kuvaa nguo nzuri. Niliwaza hivi: mama anapenda shamba lake. Udongo bora katika shamba lake ni ule mweusi wa bondeni, ambao sisi Wasukuma tunauita mbuga. Udongo ule ulitulisha. Mwaka wa mvua nzuri ulitoa mpunga mpaka baba akakosa pa kuuweka. Basi nikiuleta udongo ule ule, mama atakuwa na shamba lile lile. Nani angenipinga? Mkataa kwao ni mtumwa, na mimi nilikuwa sikatai kwetu. Nilikuwa nakwenda kukuleta kwetu kwenyewe mjini.

Nilikodi pikapu, nikaenda Usagara, nikachimba magunia kumi na manne. Gari halikuweza kupanda mpaka nyumbani, kwa hiyo tuliyapandisha magunia kwa mabega, na vijana wa jirani wakanicheka: "Malimi, umehamisha kijiji! Na ng'ombe wanakuja lini?" Nilicheka nao. Nilikuwa na ndoo kumi na mbili kuukuu za rangi, za lita ishirini kila moja. Nilizisugua, nikazitoboa chini kwa msumari wa moto, nikazijaza udongo wa kwetu mpaka ukingoni.

Mama alipouona udongo ule aliushika, akaunusa, akaniambia, "Huu ni wa karibu na mfereji." Alijua hata mahali nilipochimba. Alipanda mchicha kwenye ndoo nane na nyanya kwenye nne zilizobaki. Jioni ile alikula vizuri.

Mwanangu, nililala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Kumbe nilikuwa sijaianza.

Maji ya kwanza tuliyomwagia yalikaa juu ya udongo kama uji kwenye sahani. Tukadhani yatashuka. Kesho yake asubuhi bado udongo ulikuwa unang'aa kwa maji. Tukaacha kumwagilia, na jua la hapa juu ya jiwe unalijua: siku ya nne udongo ulikuwa umejikunja, umeachana na ukuta wa ndoo, na katikati una nyufa za kuingia kidole changu cha shahada mpaka kifundo cha pili. Tukimwagia tena, maji yanapita pembeni na kutokea chini bila kuulowesha moyo wa ndoo. Mbegu nyingi zilioza. Chache zilizoota zilikuwa njano, zimedumaa.

Mama alichukua kijiti, akagonga udongo ule. Ulilia kama kigae.

"Hata udongo wetu umekataa mjini," alisema. Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana nalikumbuka neno lile mpaka leo.

Kijana akiaibika hukimbia, na mara nyingi hukimbilia upande wa pili wa kosa lile lile. Niliambiwa na mtu kwamba udongo umekosa mbolea. Sikuuliza mbolea gani, ya umri gani, kwa kiasi gani. Nilikwenda kwa mfugaji mmoja karibu na Buzuruga, nikapakia kwenye mkokoteni kinyesi cha ng'ombe cha wiki ile ile, bado kina joto ukiingiza mkono. Nilimwaga nusu ya udongo wa kila ndoo, nikajaza kinyesi, nikapanda upya. Miche ilitoka siku ya tano, nikashangilia. Siku ya tisa ncha za majani zilikuwa kahawia. Siku ya kumi na moja yote ilikuwa imelala, kama iliyopitiwa na maji ya moto. Inzi walikuwa wengi kuliko majani tuliyowahi kuyaona.

Siku hiyo hiyo tulisikia hodi.

Alikuwa Bi Tabu, mama wa makamo ya mama yangu, aliyekaa nyumba tatu chini yetu. Watu wake walikuja Mwanza zamani kwa biashara kutoka Tabora, na yeye aliishi kwa kufinyanga udongo wa ndani wa majiko ya mkaa. Mikono yake ilikuwa na rangi ya udongo hata akitoka msikitini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimekuja kwa kufuata harufu, nyumba sikuijua." Alizipita ndoo moja moja, akichungulia kama daktari wa zamu. "Wewe ndiye fundi mizani?"

"Ndiyo mimi."

"Unapima vya watu?"

"Napima."

"Mbona hivi vyako hukuvipima?"

Mganga hajigangi, lakini mwanangu, methali hiyo ni maelezo, si utetezi. Nilikuwa mtu wa kugombana na muuza duka kwa sababu ya uzito wa kifuniko cha soda, na ndoo za mama yangu nilikuwa nimezijaza kwa makisio na mapenzi.

Bi Tabu alichota konzi ya udongo wetu mweusi kwenye gunia lililobaki, akaudondoshea matone ya maji, akaufinya. Tulikuwa tunamtazama tu. Kabla sijajua anachofanya, kiganjani mwake palikuwa na kikombe kidogo, chenye mdomo na kitako, akakisimamisha juu ya jiwe.

"Udongo unaokubali kuwa kikombe hautakubali kuwa shamba," alisema. "Kwanza hiyo mimea umeizika, kisha ukaja ukaichoma. Imekukosea nini?"

Mama alijisikia vibaya. "Udongo huo umelisha watoto saba," alisema.

"Sikatai, dada. Umelisha. Lakini ng'ombe wa maziwa hafugwi chumbani." Bi Tabu akakaa juu ya jiwe, karibu na mama. "Kule shambani udongo una pa kwenda. Ukipasuka, ufa unashuka mpaka chini, maji yanaufuata, mizizi inaufuata, mchwa na nyungunyungu wanaupitia. Humu kwenye ndoo umefungwa. Kina chake ni mkono mmoja, chini yake plastiki, chini ya plastiki jiwe. Hata mimi ninayetaka udongo ushikane, siufinyangi mtupu. Nikiufinyanga mtupu, jiko linapasuka siku ya kwanza. Sembuse wewe unayetaka usishikane."

Ndipo alipotufundisha kile ninachotaka kukuachia leo. Alisema udongo wa kwenye chombo ni chakula cha kupikwa, hauokotwi. Una kazi tatu, na hakuna udongo mmoja wa kuokota unaozifanya zote: kupitisha maji, kushika maji kidogo yabaki, na kulisha mmea. Kwa hiyo tuliitafutia kila kazi mfanyakazi wake. Wa kupitisha maji tulimpata bure: ule udongo wa kichanga, wenye chengachenga, unaokusanyika kwenye mianya ya mawe yetu kila mvua inyeshapo. Wa kulisha alikuwa kinyesi kile kile cha ng'ombe, ila cha mwaka jana, kilichokwisha kuoza kikawa cheusi, baridi, kisicho na harufu. Wa tatu alikuwa maganda ya mpunga, yale yanayotupwa nyuma ya mashine za kukoboa. Bi Tabu alituonya tusiyatie mabichi. Tuliyachoma mpaka yakawa meusi, tukayazima kwa maji kabla hayajawa jivu jeupe, kwa sababu jivu halina nafasi ndani yake, na kazi ya ganda ni kushika maji na hewa.

"Na wa kwangu?" mama aliuliza. Alikuwa anatazama magunia ya Usagara.

Bi Tabu alifikiri. "Wa kwako tutautia kidogo, tuuponde kwanza. Udongo huo ni kama chumvi. Kidogo unashika maji na chakula kisikimbie. Ukizidi, mboga hailiwi."

Vipimo hakuvijua kwa hesabu, alivijua kwa mkono. Mimi nilivitafuta kwa hesabu, maana nilikuwa nimeshaaibika vya kutosha. Nilichukua kopo moja la kilo, nikaandaa ndoo nne kwa michanganyiko minne, nikaandika kwa mkaa ubavuni mwa kila ndoo. Nilizipima kwenye mizani zikiwa kavu, nikazipima baada ya kumwagia lita mbili na maji kuacha kudondoka, nikazipima tena asubuhi ya pili. Ndoo ya kichanga kitupu ilikuwa imepoteza karibu maji yote. Ndoo yenye mbuga nyingi haikuwa imepoteza kitu. Iliyokaa katikati ilikuwa na makopo mawili ya kichanga, mawili ya samadi iliyooza, moja la maganda yaliyochomwa, na moja la mbuga ya kwetu iliyopondwa.

Niliwahi pia kuweka kokoto chini ya ndoo, kama wengi wanavyoshauri hata leo. Nilipima, haikusaidia. Kokoto zilikula nafasi ya mizizi, na maji yakakwama juu yake vile vile. Matundu yakiwa wazi yanatosha.

Lakini kipimo ambacho mama alikipenda hakikuwa cha mizani yangu. Kilikuwa cha Bi Tabu. Alikuwa na desturi ya kumwaga kopo la maji kwenye ndoo, kisha kugeuka na kumsalimu mtu, salamu kamili, bila kuruka neno. Maji yakizama kabla hujaitikiwa, udongo una mchanga mno. Yakiwa bado juu baada ya kumaliza habari zote, una mfinyanzi mno. Yanatakiwa yazame pale unapofika habari za nyumbani.

Tulipoijaza ile ndoo ya katikati, Bi Tabu alimwaga maji akamgeukia mama.

"Hujambo, dada?"

"Sijambo."

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Za nyumbani?"

Wote wawili wakainama kutazama. Maji yalikuwa ndiyo yanazama, yameacha povu jembamba.

"Hizo zenu fupi mno," mama alisema. "Kwetu lazima umalize na habari za ng'ombe."

"Basi kwenu mchicha ungekufa kiu mnasalimiana!"

Mama alicheka. Nilikuwa nimeshika mizani mkononi, na niliiweka chini, maana sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba wa baba. Tulijaza mchanganyiko ule kwenye ndoo zote kumi na mbili, tukapanda upya, na tangu siku ile Bi Tabu alipanda kuja kwetu kila asubuhi kupima maji, hata ndoo zilipokuwa hazihitaji kupimwa. Mama akaanza kumwekea kigoda.

Mvua ya kwanza ilinyesha saa nane mchana, na upepo wa ziwani. Nilikuwa kazini sokoni, nikaacha mizani ya mtu imefunguliwa, nikaomba radhi, nikakimbia nyumbani. Njiani nilikuwa na swali moja tu, na unalijua. Nilipofika, nilitazama kwanza pembeni ya mlango. Viatu havikuwepo.

Nilisimama palepale, nimelowa. Kisha nikasikia sauti upande wa nyuma. Mama alikuwa amejifunika gunia kichwani, yuko peku juu ya jiwe, anazikagua ndoo. Maji yaliingia juu, yakatoka chini, yakateremka jabalini kwa vijito kumi na viwili. Mchicha ulikuwa umesimama, urefu wa kiganja.

"Viatu viko wapi, mama?"

"Chini ya kitanda. Vingelowa." Akachuma jani moja, akanipa nilione. "Miche hii inataka kupunguzwa kesho. Niletee kisu kidogo, kile chako cha kazini ni butu."

Mama aliishi na mimi miaka kumi na mmoja baada ya hapo. Bi Tabu ndiye aliyemfunga kitambaa kichwani siku tulipomzika.

Sasa, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukitaka kupanda mboga kwenye ndoo, kiroba au beseni, usichimbe udongo wa shamba ukautia mtupu, hata kama shamba hilo ndilo lililokulea. Changanya. Tafuta cha kupitisha maji, cha kuyashika, na cha kulisha, na hicho cha kulisha hakikisha kimeoza mpaka kimepoa. Ufinye mchanganyiko ulio na unyevu kidogo: ukifungua kiganja ubaki umeshikana, ukiugusa kwa kidole umeguke. Ukibaki tonge, ongeza kichanga na maganda. Ukimwagika kabla hujaugusa, ongeza samadi. Acha vidole viwili kutoka ukingoni ili maji yapate pa kutua. Nyanya ipe ndoo yenye kina. Mchicha utaridhika na beseni. Na kila ukimaliza kuvuna, rudishia samadi, kwa sababu chombo hakina shamba la jirani la kuazima.

Na kingine, kisicho cha mboga tu. Nilipomleta mama mjini nilidhani mtu akipewa kitu kile kile alichokuwa nacho atatulia. Nikamletea udongo wake magunia kumi na manne. Alihitaji kopo moja la udongo huo kwenye kila makopo sita, na yaliyobaki yawe ya hapa, pamoja na mtu wa kumuuliza habari za nyumbani. Ukimhamisha mzee wako, au ukihama mwenyewe, usiache vyote vya kwenu, wala usivibebe vyote. Pima. Na ukishindwa kupima, usione haya kumsikiliza anayebisha hodi kwa sababu ya harufu ya makosa yako. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuijaza ndoo tena bila kuuliza.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako na kila unachokipanda. Akujalie majirani wanaosalimu kwa ukamilifu, na wazazi wako wapate cha kuamkia kila asubuhi, mpaka mwisho wa siku zao.

Jambo moja nimelibakiza makusudi. Mchana ule wa mvua, mama alipomaliza kuzikagua ndoo, alifungua lile fundo la khanga kwa meno, kwa kuwa lilikuwa limekaza, akanitia fedha mkononi, akasema nikanunue mbegu za nyanya, za sasa zimekwisha. Pikapu, magunia na mkokoteni vilikwenda na fedha nyingi zaidi, na hizo sikumbuki tena. Hizi nilizihesabu nikiwa nimesimama kwenye mvua, na nazikumbuka. Ilikuwa nauli ya kwenda Usagara, kamili: shilingi mia saba.